Mbwa Aliyekojolea Mbegu ya Maharagi

Mbwa wangu ni mzee, meno yamebaki manne, na bado anajiona chifu. Nilikuja naye kutoka Kashebere siku nilipoolewa huku Masisi. Baba yangu ni muwindaji, na mbwa huyu ni wa wale wa pori la Walikale wasiobweka, wanaofungwa kengele ya mti shingoni ili muwindaji ajue wako wapi. Wakwe walicheka: bibi arusi ameleta mbwa bubu! Nikawaambia hata wao wakinyamaza kidogo haitawadhuru. Ndivyo nilivyoanza ukwe.

Ukimvuta, anakuwa mzito kama gunia la mihogo. Mwaka tuliokimbilia Kirotshe kwa sababu ya risasi, alikataa kutoka chini ya kitanda. Nikamtukana, nikamwacha, nikalia njia nzima. Siku ya tatu akafika peke yake, akapita katikati ya watu, akanikalia miguuni kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa.

Katika lupango ile nzima, ua wa wakwe, yeye tu ndiye wangu. Vingine vyote, hata mtoto, wanasema ni vya ukoo wao.

Nilipomaliza sekondari nilitaka kuandika vitabu. Nikafanya kosa la kuwaambia wakwe: “Nataka kuwa mwandishi.” Wote wakapiga makofi. Nilishangaa, kumbe Jumapili ile ile wakanichagua. Huku kwetu mwandishi ni yule anayekaa pembeni ya meza kwenye mkutano akiandika waliyosema wengine. Mkutano wa kanisa, mimi. Mkutano wa mashamba, mimi. Mtoto ananyonya ziwa la kushoto, mkono wa kulia unaandika PV, yaani muhtasari wa kikao, na mwandishi mwenyewe hana ruhusa ya kusema neno.

Shuleni mwalimu wa Kifaransa alitufundisha waandishi wakubwa, wote wanaume, wote na ndevu. Nikamuuliza wanawake waliandika lini. Akajibu, “Walikuwa na kazi ingine.” Kazi gani? Kufua mashati ya hao wenye ndevu! Mpaka leo jibu lile linanichoma. Mwanamke kushika kalamu ya biki hakuna anayemkataza. Wanamkataza tu kuwa na maneno yake mwenyewe.

Sasa, msimu huu wa kupanda, baba mkwe alianika mbegu ya maharagi kwenye bashi mbele ya nyumba. Mbwa akaja polepole, akalizunguka lile turubai lote, akachagua katikati, akainua mguu. Hakuwa na haraka.

Mchana ule ule baba mkwe akaita kikao cha familia. Jambo lilikuwa moja: mbwa auawe.

“Mwandishi, leta kaye.”

Nikaleta daftari. Kusema sikuweza, basi nikaandika. Kila neno.

“Ile mbwa analalaka siku muzima,” baba mkwe akasema. “Anakulaka wa kwanza. Tunamuita, hasikiaki. Njo kusema haina tena faida kwa hii lupango.”

Mume wangu aliitikia kwa kichwa tu. Kichwa chake kinajua kazi hiyo moja.

Lakini kwetu PV lazima isomwe mbele ya wote, ndipo mkubwa aweke sahihi. Bila sahihi yake, uamuzi ni moshi. Nikasimama, mtoto mgongoni, nikasoma kwa sauti ya kanisani: “Papa alisema: analalaka siku muzima. Anakulaka wa kwanza. Tunamuita, hasikiaki.”

Wifi yangu akainua kichwa, akamtazama baba yake. “Eh! Tunasemea mbwa ao tunasemea nani?”

Mama mkwe akaachilia sombe, majani ya mihogo aliyokuwa anatwanga, akacheka mpaka akashika mchi asianguke. “Na kukojoa nyuma ya mulango, umeandika?”

“Futa ile!” baba mkwe akapiga kelele.

“Papa, PV haifutwaki. Weye mwenyewe ulinifundisha.”

“Basi miye siweke sahihi!”

Hakuweka. Mbwa akabaki hai kwa sheria yao wenyewe. Maharagi wakayaosha, wakayapanda, na mimi wakaniondoa kwenye uandishi. Sasa mwandishi ni shemeji yangu, ambaye mwandiko wake ni kuku akiparua takataka; kaye ya zamani ilibaki kwangu.

Najua mbwa atakufa tu, labda kabla ya mavuno. Atakufa akitaka yeye.

Juzi mama mkwe, ambaye hakusoma hata darasa moja, alikuja na kikapu chake. Akamsukuma mbwa kwa mguu. Mbwa hakusogea. Mama mkwe akakaa kando yake.

“Leta ile kaye. Soma pale uliandika Papa hasikiaki.”

Nikasoma. Akaweka kikapu chini.

“Ongeza siku nilizaa mutoto wa kwanza. Papa aliniambia nisilie, iko wageni kwa nyumba. Andika ile.”

Nikaandika. Mtoto wangu alikuwa analia ndani. Nikamwacha alie kidogo.