Chupa Nyuma ya Kiti cha Mama Odette

Siku ile ya gari jekundu la Ajida Bosembe, mwanangu, nikiikumbuka hadi leo viganja vinatoa jasho. Nimezeeka, meno yamebaki ya kuhesabika, lakini hofu ile haijazeeka pamoja nami. Nakusimulia wewe unayejiandaa kukabidhi kazi yako ya kwanza, maana najua unavyopenda kujibu "tayari" hata kabla hujaulizwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi kijana katika karakana ya Papa Kasongo hapa Kamina, karibu na reli. Papa Kasongo alitumikia treni za moshi tangu ujana wake, kwa hiyo maji ya moto aliyajua kama mama anavyoyajua maji ya bukari, ugali wetu. Mimi niliyajua magari madogo yenye injini nyuma, yale yanayopozwa kwa upepo tu. Hayana maji, hayana radiatere ya kuyapoza, hayana cha kuchemka. Nilikuwa hodari, nami nilijua kwamba ni hodari. Ugonjwa wangu ulianzia hapo.

Ajida Bosembe, ajida kwa cheo chake cha jeshini, alikuwa askari mstaafu kutoka mkoa wa Ekwateri, aliyeoa huku na kubaki kule Base, kwenye kambi ya jeshi. Gari lake lilikuwa la mbio, la milango miwili, tumbo karibu liguse ardhi. Aliachiwa na Mzungu mmoja aliyerudi kwao. Injini yake ya upepo ilipokufa, vipuri havikupatikana Kamina wala Lubumbashi. Tukapata injini ya maji ya basi dogo la Kijapani lililopinduka, nzima kabisa. Ni mimi niliyesema tuitie hiyo. Papa Kasongo akakubali.

Miezi mitatu nilikata, nikachomea, nikapitisha mabomba chini ya gari kutoka injini ya nyuma mpaka radiatere niliyoifunga mbele. Chupa ya kuongezea maji ilikosa nafasi pale nyuma, maana kifuniko cha injini kilikaa chini mno. Nikaifunga ndani, nyuma ya kiti cha abiria. Niliona nimetumia akili kweli! Watu wa mtaani wakaja kutazama, nami nikatembea kifua mbele kama jogoo.

Sasa nisikilize vizuri. Maji yakitiwa katika mabomba marefu namna ile, hewa hunaswa ndani. Lazima uwashe injini, ulegeze skrubu iliyo juu ya radiatere, usubiri mpaka maji yatoke bila mapovu, uongeze, usubiri tena. Ni kazi ya asubuhi nzima. Hewa isipotoka, maji hayazunguki, yanachemka nyuma huku mbele kumepoa. Na sindano ya joto, kichwa chake kinachopima maji kikikaa ndani ya hewa, itakuambia kwamba kila kitu ni salama. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Jumapili ya kukabidhi gari, ndiyo kwanza nilikuwa nimelegeza skrubu, Ajida akatokea na mkewe, Mama Odette, wametoka misa. Yeye amevaa suti nyeupe, mama kitenge kipya. Kwetu humsimamishi mkubwa juani na nguo zake za Jumapili katikati ya grisi. Nikaikaza skrubu upesi. Papa Kasongo alikuwa amekaa mlangoni kwa sababu ya miguu yake, akaniuliza mbele yao:

"Ngoy, umetosha hewa yote mu maji?"

"Ndiyo, Papa. Nimetosha yote."

Nilijibu kwa heshima, mikono nyuma, kwamba hewa yote nimeitoa. Ulikuwa uongo wa adabu, mwanangu, na uongo wa namna hiyo ndio unaonitisha kuliko yote.

Ajida akawasha gari, akacheka kama mtoto, wakaondoka. Nilipogeuka kukusanya vyombo nikaliona bidoni la maji, dumu nililokuwa nikijazia. Lilitakiwa liwe tupu. Nikaliinua, likanilemea: karibu nusu ya maji ilikuwa bado humo. Maana yake gari lilikuwa limebeba hewa nyingi mahali pa maji, na chupa yangu itakayojaa mvuke ilikuwa mgongoni mwa Mama Odette. Papa Kasongo alikuwa palepale mlangoni, nami nikampita na baiskeli bila kumwambia neno.

Njia nzima nilitafuta alama ya maji mchangani. Sikuona hata tone, na hilo likanitia hofu zaidi, maana mvuke ulikuwa bado umefungwa ndani. Niliwakuta kwenye kivuko cha reli. Treni ya mizigo ilikuwa ikipanga mabehewa, watu na baiskeli zao wamejaa wakisubiri. Ajida hakuzima injini. Alikuwa ameshuka ili watu wamsifu vizuri.

"Ngoy! Unatufuata? Motere inalia muzuri, hein?"

"Inalia muzuri, Papa Ajida."

Ndivyo nilivyomjibu! Nimekimbiza baiskeli mpaka mbavu zinauma, nimefika, na mdomo ukarudia uongo uleule. Nikachungulia sindano, iko chini kabisa. Nikagusa radiatere, ni baridi. Nilijua baridi ile ni dalili mbaya, lakini watu walikuwa wananitazama, nikaanza kujiambia labda, labda. Nikageuza baiskeli nirudi.

Mama Odette akaniita dirishani. "Ngoy, iki kiti kinanichoma ku mugongo. Magari ya maji njo iko vile?"

Hapo nikavunjika, nikakiri uongo wangu. "Hapana, Mama! Toka! Toka mbiyo! Papa, zima motere! Nilisema bongo, minyi sikutosha hewa!"

Watu wakacheka. Ajida hakucheka, alimvuta mkewe kwa mkono. Hawakufika hatua tano, kifuniko cha chupa kikaruka. Mvuke ulijaa ndani ya gari mpaka vioo vikawa vyeupe, maji yanayochemka yakamwagika juu ya kiti, ngozi ya kiti ikajikunja na kuachia. Wale waliocheka wakarudi nyuma. Mama Odette akajishika shingo kwa nyuma, pale maji yangemmwagikia, akaniangalia. Hakunitukana, na afadhali angenitukana.

Tulilisukuma gari mpaka karakana. Ajida, ambaye nilidanganya ili nisimchafulie suti, naye alilisukuma, mweusi kwa grisi hadi viwikoni.

Papa Kasongo alisikiliza yote bila kunikatiza. Kisha akasema:

"Hewa si kitu. Hata minyi nilisahau hewa mu treni. Lakini nilikuuliza, Ngoy. Nilikufungulia mulango, weye ukaufunga." Akanielekeza kwenye gari. "Kesho utatosha hewa. Chupa itabakia palepale. Ajida ataendesha mpaka Base na kurudia, na mu kile kiti njo utakaa weye."

Nilikaa, mwanangu. Kwenda na kurudi, masikio yangu yote yalikuwa mgongoni, naisikiliza chupa. Sijawahi kumwomba Mungu namna ile, hata mke wangu alipokuwa akijifungua. Sindano ikapanda polepole mpaka mahali pake, ikatulia. Ndipo Papa Kasongo akaniruhusu kuihamisha chupa mbele. Tangu siku hiyo hakuna fundi wa karakana yangu anayesema "tayari" kabla hajakaa mwenyewe mahali penye hatari. Na Mama Odette, mpaka alipofariki, hakupanda gari lile bila kuniuliza kwanza, "Ngoy, weye umekaa hapa?" Aliniuliza hata nywele zangu zilipokuwa zimeota mvi, nami nilimjibu.

Basi shika hili, mwanangu. Mkubwa akikuuliza kama umemaliza, nawe hujamaliza, mwambie "bado". Usimfunike kwa heshima ya uongo. Atanuna, wageni watasubiri, utaona aibu saa moja. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mara nyingine kifo hicho humpata mwingine aliyekuamini. Ukikosea, piga kelele mapema, hata mbele ya watu wanaocheka.

Leza, Mungu aliyewaumba babu zetu, akupe mikono mizuri na ulimi usioogopa. Awarudishe nyumbani salama wote watakaopanda ulichotengeneza. Nenda sasa, ukakikague tena.