Mgongo wa Baba kwenye Shuka

Mtu wa mbele katika sinema zetu za Kamina alikuwa karani mmoja mwenye meno mazuri, naye alijua kwamba ni mazuri. Baba yangu alikuwa yule anayeanguka. Wakitaka mlevi, baba. Wakitaka mwizi wa kuku, baba. Karani alishindwa na pombe, akatubu, akarudi kwa mkewe, watu wakafuta machozi. Baba aliachwa palepale chini, na hakuna aliyeuliza kama aliamka. Mpaka leo watu wakisikia kwamba baba yangu alicheza filamu wananiuliza: alikuwa nani, yule mkubwa? Hapana, si yule mkubwa. Wakubwa wako wengi.

Filamu hizo zilitengenezwa na padri mmoja wa misheni, Mbelgiji mwembamba, miaka ile Wabelgiji walipokuwa wakijenga base yao ya ndege nje ya mji. Hazikuwa na sauti. Siku ya kuonyesha, shuka nyeupe ilifungwa kwenye miti miwili uani kwa misheni, jua likizama mashini ikawashwa, na katekista akasimama kando akisema maneno ya kila mtu, wanawake kwa sauti nyembamba, walevi kwa sauti nene. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, aliunganisha mavagoni pale gare, kwenye stesheni. Nyumbani alikuwa mkimya. Mbele ya kamera tu ndipo nilipomwona na furaha isiyojificha, na nilimpenda sana kwa ajili ya hiyo.

Sasa lazima niseme habari ya bukwe, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Kwetu Baluba, wakati ule, mwanaume na mama mkwe wake hawakutazamana usoni. Wakikutana njiani, mmoja aliingia majanini, mwingine aligeuka. Hawakula pamoja, hawakusemeshana. Ilikuwa heshima, si chuki, na heshima si utumwa, ingawa siku nyingine mimi niliona vinafanana. Mama mkwe peke yake ndiye aliyeweza kuiondoa, kwa mdomo wake, mbele ya watu, kama alitaka. Wengi walikufa bila kutaka.

Bibi yangu, mama yake mama, alikaa kijijini, si mbali na mji, na alikuja kwetu mara kwa mara na unga wa muhogo kichwani. Akiingia kwa mlango wa mbele, baba anatoka kwa mlango wa nyuma. Njia ya maneno nilikuwa mimi.

"Mwambie mukwe wangu, muhogo ya mwaka huu iko muzuri," bibi alisema kwa sauti ya kufika gare, huku baba amesimama nyuma ya ukuta wa jiko, anasikia kila neno. Nilitoka kumwambia.

"Mwambie mama nimesikia. Wafwako," baba alishukuru, na bibi ndani alikuwa tayari anatikisa kichwa. Nilichoka nao wote wawili. Miaka yote hiyo baba alimjua bibi kwa mgongo tu, na bibi alimjua baba kwa kishindo cha viatu.

Bibi alikuwa hajaona sinema hata siku moja. Filamu ya mlevi ilipoonyeshwa, tulimleta, akatandika mkeka mbele kabisa, mama upande huu na mimi upande ule. Baba hakukaa nasi, bila shaka. Alisimama nyuma ya shuka, akatazama kwa upande wa pili, ambako picha imegeuka na watu wote wanakula kwa mkono wa kushoto. Tulijiona tumepanga vizuri. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kuhusu shuka yenyewe.

Uso wa baba ukatokea, mkubwa kama mlango, ulimi nje, suruali imeteremka, macho yanamtazama bibi moja kwa moja.

Bibi hakupiga kelele. Alijifunika kitambaa kichwani, akageuka pale pale kwenye mkeka, akaipa shuka mgongo, akakaa hivyo hadi mwisho. Watu waliokuwa nyuma yetu wakajikuta wanatazamwa na bibi kizee aliyekasirika, na kipande cha kuchekesha kuliko vyote kikapita kimya kama misa.

Asubuhi aliniita mbele ya nyumba. "Mwambie mukwe wangu: uso yake ikionekana tena pa ile nguo, nakamata mutoto wangu, tunarudia naye ku mugini."

"Mama, ile iko picha tu," mama yangu alisema.

"Macho iko ya nani?"

"Yake."

"Basi."

Na bibi hakuwa mtu wa kutisha bure. Dada yake mama alikuwa amerudishwa kijijini kwa kosa dogo kuliko hilo. Kumbe padri alikuwa amekwisha kumwahidi baba filamu nyingine, ya wachimba makaa kule Luena. Baba alirudi kazini bila kula. Jioni alisema, "Naacha." Nilimwonea uchungu mpaka nikashindwa kumtazama.

Mama alikuwa anasonga bukari, hakuacha kusonga. "Ukiacha utakuwa muntu wa huzuni, na minyi mwenyewe njo nitakaa na huyo muntu. Weye ukikutana na mama mu njia, unafanya nini?"

"Nageuka."

"Basi, geuka."

Padri alicheka alipoambiwa, halafu alikasirika. Alisema sinema ni uso. Baba alivua kofia, akaomba ajaribiwe mara moja tu. Kule Luena akawekwa katikati ya wachimbaji, mgongo kwa kamera, akiinua sepetu. Wengine wote walikodolea kamera macho kama kuku aliyeona nyoka. Mgongo wa baba ulichoka polepole, bega moja kwanza, kisha la pili, na padri alipoiona filamu ile akaja kwetu mwenyewe kwa baiskeli kumtafuta.

Tangu hapo baba alicheza mgongo. Alicheza mgongo wa mgonjwa, mgongo wa baba anayedanganywa na mtoto, mgongo wa mtu anayeomba mvua. Alijizoeza uani, ametazama ukuta.

"Niko nalia ao niko nacheka?" aliuliza.

"Unalia," mama alijibu.

"Niko nacheka."

"Basi rudilia. Mabega ya kucheka inapanda."

Shuleni waliniita mtoto wa mgongo. Nilipigana na wawili, wa tatu nikamwacha kwa sababu alikuwa mkubwa. Na bibi, alipohakikishiwa na mama kwamba mukwe amegeuka kama mtu mwenye adabu, alirudi na mkeka wake mbele kabisa. Alitazama kila filamu ya baba, na baba kila mara nyuma ya shuka. Baba alikuwa anangoja, nadhani, ingawa hakuthubutu kusema anangoja nini.

Halafu ikaja filamu ya msichana anayeolewa mbali. Karani alikuwa bwana harusi, meno yote nje. Baba alikuwa mzazi wa msichana, amesimama pale gare, treni inaondoka. Hakupunga mkono. Alisimama wima kabisa, na nyuma, pale kiunoni, mkono wake ulikuwa umeshika kitambaa, unakikunja, unakikunjua, unakikunja tena.

Mama alishika goti langu. "Ule mugongo iko ya mama," aliniambia sikioni. Siku mama yangu alipoolewa na kuchukuliwa kuja Kamina, bibi alisimama mbele ya nyumba yake vilevile, amegeuka ili asimwone mukwe, na kitambaa mkononi. Kila mtu siku ile alimtazama bibi arusi. Baba tu ndiye aliyeutazama mgongo ule, maana ndio aliopewa.

Bibi alikuwa amekoma kutafuna karanga. Mkono wake ulikuwa nyuma, umeshika kitambaa chake.

"Mukwe," alisema. Katekista akanyamaza katikati ya neno. "Mukwe, geuka."

Kwenye shuka mgongo uliendelea kusimama, treni inakwenda. Watu nyuma wakaanza kunong'ona kwamba kizee amechanganyikiwa.

"Minyi njo nasema," bibi alisema, kwa sauti ileile ya kufika gare. "Mbele ya hawa bantu yote. Geuka, nikuone."

Nyuma ya shuka tukasikia viatu. Halafu sauti ya baba, ambayo bibi hakuwahi kusemeshwa nayo hata siku moja: "Eyo, mama."

Akazunguka mti, akasimama mbele yetu, treni inapita juu ya shati lake, macho chini. Akayainua. Walitazamana hadi treni ikaisha na shuka ikabaki nyeupe tupu.

"Kumbe umezeeka sawa minyi," bibi alisema, akasogea kwenye mkeka, akaacha nafasi ya mtu kukaa. "Ikala."