Jirani Mvuta Sigara

Mji mzima hapakuwa na mtu aliyewakataza wenzake kuvuta sigara kama Fundi Herufi, na hapakuwa na aliyevuta nyingi kumzidi. Jina la Herufi walimpa watu, kwa sababu kazi yake ni kuandika mabango kwa mkono: majina ya maduka, mbao za shule, milango ya ofisi, na zaidi ya yote lile bango ambalo kila mwenye jengo hulitaka, USIVUTE SIGARA. Kwa miaka thelathini ameyaandika hayo mpaka hesabu imempotea, na kila moja aliliandika sigara ikiwa mdomoni, jicho moja kalifumba kwa moshi. Watu wakimcheka alijibu kwamba kinyozi hajinyoi, mpaka kinyozi wa mtaa ule akamwomba asimhusishe na mambo yake.

Chini ya maneno hayo alichora sigara, na juu ya sigara akapitisha mstari mwekundu. Herufi zake zilikuwa nzuri, hilo halina ubishi, lakini ile sigara, we acha tu. Ilikuwa na jivu linalokaribia kudondoka, kichungi cha rangi ya asali, na moshi unaopanda taratibu. Mstari mwekundu wa kukataza aliupitisha pembeni kidogo, kwa adabu, kama mtu anayepita mbele ya wakwe. Akimaliza alirudi nyuma hatua tatu, akaitazama, kisha akawasha nyingine.

Si kwamba hakuwahi kuacha. Kuacha alikujua vizuri sana, aliacha mara nane. Mara ya kwanza aliizika paketi nyuma ya bafu, akasimama pale kichwa kainamisha. Siku ya tatu akaenda kulitazama kaburi, akarudi na marehemu. Mvua ilikuwa imenyesha, sigara zimelowa na zina ladha ya udongo, lakini alizianika dirishani akazivuta zote, akasema si mbaya.

Mara nyingine alikula kiapo mbele ya shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mzito asiyecheka ovyo. Siku ya tisa akajifungia chooni, akaziba chini ya mlango kwa tambara, akajiona mjanja. Kidirisha cha juu alikisahau. Wanawake waliokuwa wakipita njia ya nyuma waliona moshi wakapiga kelele za moto, na aliyefika wa kwanza na ndoo ya maji alikuwa shemeji. Herufi akatoka kalowa kichwa hadi miguu, akasema alikuwa anafukuza mbu.

Mara ya tano alijaribu peremende. Akanenepa mpaka ngazi ikaanza kulalamika, akarudia sigara kwa ajili ya kuinusuru ngazi. Mwenyewe ndivyo anavyoeleza, na hata haoni haya.

Ukimuuliza leo kwa nini zile mara nane zote zilikwenda na maji, atakwambia kwamba kila alipoacha alikaa matanga. Alikaa kitini kama mfiwa, akahema, akakataa kula, akawa mkali kwa kila anayepita. Alihesabu siku tangu msiba utokee. Wanawe, ambao sasa ni watu wazima wenye nyumba zao, wakija kumsalimu walimwambia pole. Mwisho watu wote nyumbani walitamani arudie tu, wapate amani. Akirudia, alipokelewa kama aliyetoka safari.

Na kulikuwa na suala la mkono. Herufi aliamini mkono wake unatembea kwa sigara. Akikaa nusu saa bila kuvuta, brashi ilianza kutetemeka na mistari ikapinda. Akipiga pafu mbili, mkono unatulia, herufi zinasimama wima. Sasa mwandika mabango bila mkono ni nani? Kwa hiyo mkewe alipomwambia apunguze, alimuonyesha ule mkono unavyotetemeka, na mama wa watu akanyamaza. Kazi alifanyia chumba cha mbele, kinachopakana na chumba cha kulala, na dirisha la chumba hicho cha kazi halikuwa limefunguka tangu mwaka alipolipaka rangi mwenyewe likiwa limefungwa. Fundi wa rangi huyo.

Siku moja Sista mkuu wa zahanati akamwita. Herufi alimkuta kasimama kwenye chumba cha kusubiria, mikono kiunoni, analitazama bango la Herufi ukutani.

"Fundi," akamwambia, "hili bango lako linanitolea wagonjwa nje."

Alikuwa amefuatilia mwezi mzima. Wanaume wanakaa kwenye benchi linaloelekeana nalo, wanaitazama ile sigara, wanameza mate, kisha mmoja mmoja wanaaga kwamba wanakwenda kupunga upepo. Mmoja alikuwa ameacha miaka minne, akarudia palepale langoni, kifua chake kikiwa bado kinasubiri zamu ya kupimwa. Herufi nusura ashukuru kwa sifa hizo. Sista akamwambia anataka bango jipya, lenye sigara isiyotamanisha, na kama hawezi, atakwenda kwa wale wanaochapa mabango kwa mashine. Neno mashine lilimchoma. Akaahidi kurudi kesho asubuhi kupima ukuta.

Kesho yake asubuhi mkewe alimuaga kwamba anakwenda kwa dada yake kushona mapazia. Herufi naye akachukua futi yake akaenda zahanati. Alipoingia chumba cha kusubiria, mtu wa nne kutoka mlangoni, chini kabisa ya bango lake, alikuwa mkewe. Alikuwa na kadi mkononi, kadi iliyochakaa pembeni, na alikuwa anakohoa ndani ya mtandio taratibu, kama mtu aliyekwishajizoeza kukohoa bila kusikika.

Walitazamana. Papo hapo mlango ukafunguliwa, daktari akamwita mama yule, akaongeza kwamba kama mwenzake yupo naye aingie. Daktari alikuwa kijana mgeni pale, hakumjua Herufi wala sifa zake. Na Herufi asubuhi hiyo alikuwa ametoka kuosha brashi, ananuka thina kiasi kwamba hakuna harufu nyingine ambayo ingeweza kujitetea.

Daktari alisoma kadi, akasikiliza kifua, akauliza, "Mama, yule jirani yenu bado anavuta?"

Mama akatazama sakafu. "Bado, daktari."

Basi daktari akamgeukia Herufi, kwa heshima zote anazopewa mzee. "Mzee wangu, wewe ndiye mwenye nyumba. Dawa hii nampa mama mara ya nne. Huyo jirani akiendelea kumvutia moshi hivi, mapafu yatachoka, na yakichoka mimi sitakuwa na la kufanya. Nenda kaongee naye kama mwanaume."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na paketi ya Herufi ilikuwa mfukoni mwa shati, upande wa moyo. Aliifunika kwa futi.

"Nitaongea naye," akasema. "Ni mtu mgumu kidogo."

Walitembea mpaka karibu na nyumbani. Ndipo Herufi akauliza kwa nini alimsingizia jirani, na upande mmoja wa nyumba yao kuna ghala la mbao, upande wa pili uwanja mtupu.

"Ningesema ni mume wangu, na jina lako liko chini ya bango lao?" mkewe akamjibu. "Wangekucheka, baba."

Inasemwa kwamba mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mwanamke yule alikuwa amevificha vyote viwili miezi minne, ndani ya nyumba ya vyumba vitatu. Herufi aliingia kwenye chumba chake cha kazi, akakaa juu ya kopo la rangi, na aliona aibu ambayo hajawahi kuiona hata siku ya ndoo.

Mkono ukaenda mfukoni wenyewe, kama kawaida yake aibu ikimshika. Ukafika nusu, akausimamisha. Alikuwa ameahidi kuongea na jirani, na jirani ndiye huyu, kaja. Alicheka peke yake pale juu ya kopo. Kisha akaona kwamba jambo lenyewe si la kuchekwa tu. Miaka yote alisema ninataka sigara, akapambana na nafsi yake, na mtu akipigana na nafsi yake nani atamwamulia? Leo kwa mara ya kwanza aliona kuna mtu wa pili mle ndani, mgeni aliyekuja ujanani kuomba moto akasahau kuondoka. Anayetaka ni yule. Yeye mwenyewe alichotaka ni mkewe alale bila kukohoa.

Akamuuliza anataka nini. Jirani akamjibu kwa upole, kama ilivyo desturi yake: nipe moja tu, nikurudishie mkono wako utulie.

Unirudishie? Herufi akakaa wima. Kwani uliuchukua lini? Maana alipokuwa mwanafunzi wa kazi, kabla ya sigara ya kwanza, alikuwa anavuta mstari toka mwanzo wa ubao hadi mwisho bila rula, na mwalimu wake akimsifu. Kumbe mtu huyu aliuazima mkono wake, akawa anamrudishia nusu saa nusu saa, na yeye kila akirudishiwa anasema asante. Miaka thelathini anamshukuru mwizi! Alijitukana tusi moja la zamani, lile ambalo mwalimu wake alilitumia kwa wanafunzi wanaochovya brashi chafu kwenye rangi nyeupe.

Safari hii hakuzika kitu. Hakuapa, hakumwita shemeji, hakuvuta ya mwisho kwa machozi. Meza yake ya kazi ilikuwa na mguu mmoja mfupi, akaiweka paketi chini yake ikiwa na sigara tisa ndani, na meza ikaacha kuyumba. Kisha akachukua kisu cha kukwangulia rangi, akaanza kulifungua dirisha.

Asikudanganye mtu kwamba ilikuwa mteremko. Jirani alibisha hodi baada ya chai, baada ya chakula, na kila simu ilipolia. Herufi alimsikia, akaendelea na kazi, hodi ikanyamaza. Alishangaa sana kugundua kwamba hodi huwa inanyamaza. Mkono nao ulitetemeka vilevile. Siku ya tatu alimwandikia muuza nyama bango jipya, na neno NYAMA likaenda juu na chini hadi mwenye bucha akauliza kama nyama hiyo bado inatembea. Herufi akalifuta, akaliandika tena, likapinda tena. Zamani hapo angekuwa ameshawasha. Sasa alimwambia mteja wake ukweli, kwamba mkono wake uko njiani unarudi, amvumilie. Hata hasira za matanga hazikuja. Angeomboleza nini, na hakuna aliyekufa?

Wiki ya nne akashika brashi pana, akavuta mstari mwekundu toka mwanzo wa ubao hadi mwisho, bila rula, bila kupumzika. Aliutazama kwa muda mrefu. Machozi yalimtoka, akasema ni thina.

Lililomshinda ni sigara ya bango la zahanati. Alikaa nayo siku mbili. Alijua pa kuweka jivu, alijua moshi unavyopanda, lakini kila akichora inatoka kitu kikavu, cheupe, kilicholala tu. Alikasirika kama fundi, akaona aibu kuitundika, lakini Sista alikuwa anaisubiri. Ilipopandishwa ukutani, bibi mmoja kwenye benchi aliitazama sana kisha akauliza chaki imewakosea nini hadi ikatazwe. Sista alifurahi kupita kiasi. Alisema hilo ndilo bango bora Herufi aliloandika maishani, na kwamba tangu asubuhi hakuna mwanaume aliyetoka kupunga upepo. Herufi akashuka kwenye ngazi, kazi mbaya kuliko zote alizowahi kufanya ikimtazama kutoka juu.

Siku hiyohiyo ilikuwa zamu ya mkewe kupimwa tena. Waliingia wote wawili. Daktari alisikiliza kifua mbele, akasikiliza mgongoni, akavua kile chombo masikioni, uso umemkunjuka. Akasema kinasafishika vizuri, dawa zimetosha.

"Na yule jirani?"

"Amehama," mama akajibu.

"Alhamdulillahi. Maana watu wa namna ile ni wakorofi sana. Mlimfukuza?"

Mkewe alichukua muda kufunga mtandio wake.

"Hakuwa mkorofi, daktari," akasema. "Alikuwa mtu mwema. Alikuwa tu hajui kwamba upande wa pili wa ukuta kuna mtu."

Daktari akaandika kwenye kadi. Herufi akatoa futi yake mfukoni, akawapa mgongo, akaanza kupima mlango wa daktari, ambao hakuna aliyemwomba aupime.