Pete Mbili za Tauno Ylitalo

Tauno Ylitalo alimzika mkewe Saimi siku ya Ijumaa, Jumatatu akarudi kazini, kwenye maabara ya kampuni ya simu. Wenzake walimpa mkono mmoja mmoja. Akaketi, akawasha kichomeo cha risasi ya kuunganishia nyaya.

Alikuwa na miaka sitini na minne. Shule aliiacha ana kumi na mitatu. Redio ya kwao kando ya mto Ii ilipokufa, aliifungua kwa kisu cha samaki ikasema tena, na tangu hapo mikono ndiyo iliyomlisha. Kwanza redio, halafu televisheni, halafu simu, wakati mji wote wa Oulu ulipoanza kula kwa kutengeneza simu. Wahandisi walikuja na vyeti vyao. Hesabu zao zilipogoma, walimletea Tauno.

Vuli ile ya mwaka 2002 kazi ilikuwa ya Outi Kemppainen, mhandisi aliyeweza kuwa binti yake. Simu ya kizazi cha pili cha mtandao ilikuwa na njia yake kutoka antena kwenda ndani: swichi, vichujio, kikuza mawimbi. Kizazi cha tatu kilipoingia, watu waliongeza njia nyingine pembeni, simu ikanenepa. Outi akasema vizazi vyote viwili vipite njia moja, antena moja, sehemu zilezile. Wakubwa walimpa mpaka Jumatatu ya kwanza ya Desemba. Sakiti ikishindwa siku hiyo, inatiwa kabatini, na yeye anahamishiwa kuandika vitabu vya maelekezo.

Tauno ndiye aliyeilinganisha sakiti na antena. Chini ya hadubini aling'oa koili ndogo kuliko punje ya chumvi, akaweka nyingine, akatazama mstari kwenye kioo cha mashine mpaka ulale chini panapotakiwa, dalili kwamba mawimbi yanaingia. Alikuwa na namna yake. Hakupima simu ikiwa mezani. Aliishika kwa mkono wa kushoto kama mtu anayezungumza, maana nyama ya mkono hula mawimbi, na simu ya mezani si simu ya sikioni. Maabara nzima ilikubali: mkono wa Tauno ndio kipimo.

Alilinganisha simu kumi na mbili. Mkononi mwake zote zilisikia vizazi vyote viwili. Zilipopelekwa chumba cha majaribio akazishika Jorma, mpimaji wa huko, zilisikia kizazi cha pili, kwenye cha tatu zikawa viziwi.

Alhamisi ya mwisho kabla ya siku hiyo, Tauno, Outi na Jorma walikaa mbele ya supu ya njegere. Jorma akasema, "Sakiti hii imeolewa na wewe, babu. Mwanamume mwingine akiigusa, inamnunia."

Kisha akakumbuka. Akakohoa, akaomba haradali.

Outi hakucheka. Hesabu alikuwa amezirudia mara tatu. Akamuuliza Tauno kama njia moja kweli inawezekana.

"Mkononi mwangu inawezekana."

"Wewe ni mmoja, Tauno. Hatuwezi kukuuza pamoja na kila simu."

Tauno akala supu yake. Alijua anapaswa kumwonea huruma. Alitafuta huruma hiyo ndani yake, hakuiona ilipo.

Jumamosi akaja Hilkka, dada yake Saimi, na mkate wa shayiri. Aliikuta sauna, kile chumba cha kuogea mvuke, baridi, ina buibui. Haikuwashwa tangu mazishi, wiki saba.

"Shemeji, unanuka risasi," akasema, akaenda kutia kuni bila kuomba ruhusa.

Tauno akavua nguo kwenye chumba cha nje. Huingii sauna na chuma mwilini, kitakuunguza. Miaka thelathini na minane, kila Jumamosi, pete mbili zilikaa pamoja kwenye ubao wa dirisha, kubwa na ndogo. Sasa zote zilikuwa mkono wake wa kushoto. Ya Saimi aliisukumiza kidole cha mwisho siku alipofariki pale hospitali, hakuivua tena. Yake ilitoka. Ile ndogo ilitaka sabuni.

Alikaa kwenye mvuke, hakuwaza kitu. Alipotoka akauona mkono wake mtupu, na mistari miwili myeupe vidoleni. Simu za zamani antena ilichomoza kichwani, mbali na mkono. Hii ya Outi ilifichwa mgongoni, hapohapo vidole hivyo vilipokaa, na chuma hupotosha mawimbi.

Hakuwa akimuwaza Saimi. Alikuwa akiuwaza mstari kwenye kioo. Aliliona hilo, akalipita.

Jumapili mchana alikwenda maabara. Akashika simu, pete zikiwa vidoleni: mstari ukalala. Akazivua: upande wa kizazi cha tatu ukapanda juu kama mgongo wa paka. Alirudia mara nne. Kisha akaziweka kando, akabadilisha koili mbili za simu moja kwa mkono mtupu, mpaka mstari ukalala tena.

Jumatatu asubuhi alimweleza Outi, Jorma akisikia.

"Nilipima nikiwa na pete mbili. Kosa ni langu."

"Tangu lini?"

"Tangu Saimi."

Outi aliinamisha macho. "Ungenyamaza, wangesema sakiti ni mbovu."

"Sakiti haina kosa."

Jorma aliishika ile simu moja. Kizazi cha pili kilisikika. Cha tatu kilisikika.

"Imekuacha, babu," akasema taratibu. "Sasa ni ya kila mtu."

Saa nne Outi aliingia nayo mkutanoni. Alirudi mchana, akamwambia Tauno wamepewa mpaka Aprili, na kwamba simu kumi na moja zilizobaki zilinganishwe upya. Tauno akaitikia kwa kichwa. Pete alikuwa amezitia kwenye kijisanduku cha plastiki cha kuwekea koili, chenye kifuniko. Akavuta simu ya pili chini ya hadubini.

Kazi ilipokwisha alipanda baiskeli. Theluji ilikuwa kavu, ikilia chini ya magurudumu. Alifika darajani ndipo alipohisi, ndani ya glavu, kwamba vidole viko wazi. Akasimama, mguu mmoja chini, akatazama alikotoka.

Pete zilikuwa kazini. Zimefunikwa.

Akakanyaga pedali, akaenda nyumbani.