Dereva wa Namba Nne

Lukresia alikuja Songea kukaa wiki mbili. Hiyo ni miaka tisa iliyopita. Naanza na hilo ili ujue mapema kwamba nina hasira, na hasira zangu huwa sizifichi. Mimi ni Suzana, Mbena wa Njombe niliyeolewa hapa mtaa wa Mshangano, na kati ya nyumba yangu na ya kina Lukresia hakuna hata ua. Ulikuwepo wa michongoma, mbuzi wao wakaumaliza.

Dar es Salaam alikuwa mchoraji wa ramani katika kampuni ya ujenzi. Nyumba, mabomba, ngazi, vyote alivichora kwenye kompyuta. Kisha baba yake, Mzee Gaspari, akapigwa na kiharusi, upande mzima wa kushoto ukalala. Mama yao alishafariki. Kaka zake wawili, Otto mwenye biashara ya kahawa Mbinga na Joachim anayefanya kazi serikalini Dodoma, wakampigia simu: njoo umwangalie mzee wiki mbili tu, sisi tunajipanga. Mpaka leo wanajipanga.

Kampuni haikumsubiri. Akafungua kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi karibu na soko. Asubuhi anamwogesha mzee na kumlisha uji wa ulezi, mchana anapanda bodaboda kurudi kumgeuza asiote vidonda, jioni hivyo hivyo. Alikuja ana miaka thelathini na mbili, sasa ana arobaini na moja. Kuna mwalimu mmoja alimchumbia, akasubiri, akachoka, akaoa Namtumbo. Na kila Lukresia alipofungua mdomo kusema amechoka, kaka zake walikuwa na jibu moja: "Baba alikuwa dereva wa treni, akaacha. Wewe umeacha nini?"

Hadithi hiyo Mshangano nzima tunaijua. Ujanani Mzee Gaspari alikwenda Tanga manamba, kwenye mkonge, kama wanaume wengi wa Songea enzi zile. Shamba lile lilikuwa na reli yake fupi ya kubebea mkonge mpaka kiwandani, na kichwa cha treni cha mvuke, kidogo, kinachokula kuni, kikiitwa Namba Nne. Mzee akapanda cheo mpaka akawa dereva. Aliposikia mama yake mzazi yu hoi kijijini, akashuka kwenye Namba Nne siku hiyo hiyo, akarudi, akamwuguza mpaka akamfumba macho. Harusini inasimuliwa, kwenye ubatizo inasimuliwa. Hata padri aliwahi kuitolea mahubiri.

Sasa siku moja Lukresia yuko kibandani, hana mteja, anapekua simu, akakutana na picha ya Namba Nne yenyewe! Kumbe Wazungu waliinunua, wakaisafirisha kwao, wakaipaka rangi ya kijani, imesimama kwenye jumba la makumbusho. Na kuna kikundi cha wapenzi wa treni walikuwa wanaitengeneza upya ndani ya gemu la kompyuta, ili mtu akae kwake aiendeshe kwenye reli ile ile ya mkonge. Vipimo vyote walikuwa navyo. Walichokosa ni mtu aliyewahi kufanya kazi ndani yake. Lukresia akawaandikia: dereva wake ni baba yangu.

Mwaka mzima nikawa nawasikia nikianika nguo. Mzee alifufuka! "Kuni zilikaa wapi, Baba?" Hapa, nyuma ya mgongo. "Na mlango wa tanuri?" Hapa, na kovu lake hili kwenye muundi. "Unaweka magogo mawili kona ya kushoto, moja kulia, unafunga upesi, usiruhusu ubaridi uingie." Lukresia anachora, anamwonyesha, mzee anakataa, anachora tena. Wale wa gemu wakampa chumba kizima cha dereva akitengeneze yeye. Nilimwona anacheka peke yake, kitu ambacho nilishakisahau.

Halafu siku moja akanivuta nyuma ya jiko. "Suzana, kuna kitu. Nikimuuliza moto, ananijibu mpaka masizi. Nikimuuliza breki, anasema ana usingizi."

"Si mzee huyo? Amesahau."

"Hajasahau. Dereva wa injini ile alisimama kulia. Baba kila kitu anakieleza kutoka kushoto. Hajui hata dirisha la dereva lilifungukaje."

Nikapiga makofi. "Basi umepona! Alikuwa mchochea kuni. Hadithi wanayokufungia ni ya uongo. Waambie!"

"Nimvue nguo baba yangu mbele ya wanawe? Siwezi."

Mimi ningeweza, tena bila kupepesa macho. Lakini baba si wangu.

Haukupita muda, kampuni moja ya Dar inayochora vitu vya magemu ikaiona kazi yake ikamwita. Kazi ya kudumu, aanze Jumatatu. Akakata tiketi ya basi la Alhamisi alfajiri. Ila kwa Wangoni mtoto hamwachi mzazi mgonjwa kwa kuaga kwenye simu. Lazima ndugu wakae kikao, wakubali. Kwa hiyo Jumatano mchana Otto na Joachim wakawa sebuleni, mzee katikati kwenye kiti chenye mito. Na mimi nikaingia nikakaa. Wabena na Wangoni ni watani, nani wa kunifukuza?

Otto ndiye aliyeanza. "Dada, wake zetu wana watoto wadogo. Wewe hujafungwa na mtu."

"Mtoto wa kike asiye na mume, kwake ni kwa baba yake," Joachim akaongeza.

"Na wa kiume mwenye mke, kwa baba yake ni wapi? Kwenye simu?" nikawauliza.

Wakacheka, maana utani haukasirikiwi.

"Baba aliacha usukani wa treni," Otto akasema, "akamrudia mama yake."

"Treni haina usukani," Lukresia akajibu kwa sauti ndogo.

"Haya, tuonyeshe hilo gemu linalokutoa nyumbani. Baba, mwonyeshe mwanao dereva anavyofanya!" Otto akadakia.

Niliona uso wa Lukresia ukibadilika. Akasema baba amechoka, akasema chaji imekwisha. Otto hakutaka kusikia. Ikabidi aweke kompyuta juu ya stuli, akamshikisha mzee kipanya kwenye mkono wake mzima.

Jamani, yule mzee! Alifungua tanuri. Magogo mawili kushoto, moja kulia, akafunga. Akaangalia kioo cha kupimia maji. Akafungua tena. Mkono hautetemeki. Mshale wa kipimo ukapanda, mvuke ukaanza kupiga kelele, wanawe wakashangilia kama watu walioko uwanjani. Lakini treni haiendi. Imesimama pale pale, inanguruma.

"Baba, iondoe basi!"

"Ngoja," mzee akasema, macho kwenye moto. "Hassani hajapanda."

"Hassani nani?"

"Dereva."

Mzee mwenyewe alichelewa kulisikia alilolisema. Alipolisikia, akauondoa mkono kwenye kipanya, akauweka mapajani.

Lukresia akaruka kuifunga kompyuta. "Amechanganya tu. Ni uzee."

"Sijachanganya. Niache niseme." Maneno yake hutoka kwa shida tangu augue, kwa hiyo tulisubiri. "Sikuwa dereva. Nilichochea kuni miaka kumi na mmoja. Zilikuja barua tatu kwamba mama anaumwa. Ya tatu ilisema ananiita. Nikasema nitakwenda msimu ukiisha. Nilirudi reli ilipofungwa, nikakuta kaburi limeota nyasi. Wakaniambia aliniita mpaka sauti ikakauka, akawa anachezesha midomo tu. Sikuweza kukaa kijiji kile. Nikaja Mshangano, hapa hakuna aliyejua."

Akamtazama binti yake. "Nilipoanguka nikajua sasa zamu ya kuita ni yangu. Nikaogopa, Lukresia. Nikakufunga kwa uongo. Nenda, mwanangu. Nenda."

Joachim alilia, mwanamume mzima na shati lake la ofisini. Akasema atachukua likizo akae mwezi mzima, na Otto akaahidi kuleta mtu wa kumhudumia mzee. Nikapiga vigelegele. Jua halijazama, mimi na Lukresia tulishafunga begi lake.

Alhamisi nikaamka mapema, nikakaanga vitumbua vya njiani, nikaja kumsindikiza stendi. Begi lilikuwa mlangoni. Joachim alikuwa anakoroma kwenye kochi. Lukresia nilimkuta jikoni, khanga kiunoni, anakoroga uji, na saa ya basi ilikuwa inapita.

Damu ilinichemka. "Wewe una wazimu? Mlango umefunguliwa, ndugu wamekubali, mzee mwenyewe kasema nenda! Nani tena amekuzuia? Amekuita?"

"Hajaniita," akasema. "Nilipoingia kumuaga nilimkuta ameuma shuka, amekaza meno asije akaniita."

Nikashika kiuno. Nikamwambia hilo si lake kulibeba, miaka tisa inatosha, basi lingine lipo kesho. Aliendelea kukoroga, hakunitazama.

"Aliponishika kwa uongo ningeweza kuchomoka, Suzana. Nilishaanza. Sasa ameniachia mwenyewe. Nikienda leo, nitakuwa nimemwacha."