Lebo ya Mama Mkwe

Mafuta yangu ya watoto yalikuwa na rangi ya waridi, na hapa Katoro hayakuwa na mpinzani. Niliyapika mwenyewe uani: mafuta ya mgando, mafuta ya nazi, nta ya nyuki, rangi kidogo, na harufu. Nilimimina kwenye vikopo, nikavipeleka gulioni. Kikopo hakikuwa na maandishi yoyote. Maandishi ya nini? Mnunuzi alifungua kifuniko, akanusa, akafumba macho, akanunua.

Niliishi hivyo miaka mingi, mpaka binti yangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza, akaja kwangu kulelewa uzazi, na mume wake akawa anakuja kuwaona kila siku akitoka kazini.

Lazima nieleze habari ya mkwe. Sisi Wasukuma tuliolelewa vijijini kule Shinyanga, mama mkwe na mume wa binti yake hawazoeani. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapeani mikono. Akitokea huku, wewe unaingia kule. Ndiyo heshima yetu, na mimi naipenda kwa sababu inaniepusha na mazungumzo mengi ya bure. Mkwe wangu aliishika barabara. Akifika na pikipiki yake kutoka machimboni Rwamgasa, anaketi kwenye kiti nyuma ya pembe ya nyumba, mimi nabaki jikoni, na ukuta unakaa katikati yetu. Akiwa na neno anamwambia mke wake. Mke wake anasimama penye pembe, mahali anapotuona wote wawili, na kunieleza jambo ambalo nimekwisha kulisikia vizuri kabisa.

"Mwambie mama shikamoo."

"Mama, anasema shikamoo."

"Mwambie marahaba."

"Anasema marahaba."

Mtoto alipofikisha mwezi mmoja na nusu akatokwa na vipele. Vyekundu, shingoni, kwapani, kifuani. Alilia akivuliwa nguo, akalia akivalishwa. Nikampaka mafuta yangu. Vikazidi. Nikaongeza mafuta. Binti yangu akampeleka kliniki, akarudi na dawa na agizo la nesi: mtoto asipakwe tena kitu chochote ambacho hakijaandikwa kilichomo.

Jioni hiyo mkwe akasimuliwa yote nyuma ya ukuta.

"Mwambie mama," akasema, "kama hatajali, aandike kwenye kikopo kilichomo."

Nilikuwa nasonga ugali. Mwiko ukasimama.

"Mwambie mafuta hayo ndiyo yaliyomkuza huyo aliyekuja kumposa kwa mbio."

"Mama anasema..."

"Nimesikia," akasema mkwe. Hakuwahi kujibu hivyo kabla ya siku hiyo, nikaona adabu imeanza kupotea. Kisha akaendelea: "Mwambie mama, sisi kule mwaloni tunaosha mchanga na kukamata dhahabu kwa zebaki. Nesi anasema kuna krimu zinatiwa hiyo hiyo zebaki ili zing'arishe ngozi. Mimi naijua zebaki. Naogopa."

Mtu mwenye moyo mzuri angetulia hapo. Mimi nilipandwa na hasira mpaka kichwani.

"Zebaki! Anatoka mwaloni na shati lake, anamlaza mtoto kifuani, halafu anauliza kopo langu lina zebaki! Mwambie na yeye aandikwe! Abandikwe karatasi mgongoni: matope, jasho, dizeli, zebaki na ubishi!"

Binti yangu alifikiri kidogo.

"Mama anasema na wewe uandike."

"Sawa," akasema mkwe.

Kesho yake nikaketi na kalamu. Mafuta ya mgando, nikaandika. Mafuta ya nazi. Nta ya nyuki. Rangi ya keki. Nilipofika kwenye harufu nikakwama. Niliandika "Harufu nzuri", nikaitazama, nikaona nesi hatakubali. Nikachukua chupa yangu nikaenda kuuliza ninakonunua.

Mwenye duka ni mzee wa Kihindi, mzaliwa wa huku huku, anayeongea Kisukuma kumshinda binti yangu. Kila nikifika ananiamkia "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama, namwitikia, tunaulizana habari za magoti yake na za mgongo wangu, kisha chupa inapelekwa stoo na kurudi imejaa.

"Hii harufu ina nini ndani?" nikamuuliza.

"Waridi."

"Na ndani ya waridi?"

"Waridi, mayu."

"Nionyeshe dumu."

Akanitazama juu ya miwani. "Miaka yote hii hujawahi kuomba kuliona dumu."

"Nilikuwa sina mkwe."

Tukaingia stoo. Dumu lilikuwa na lebo yake, ndefu, yenye herufi ndogo, na juu ya herufi palikuwa na picha ya ndoo na tambara la kudekia. Mzee akainama na magoti yake yale mabovu, akasoma polepole, kisha akasoma tena. Ilikuwa harufu ya kutilia sabuni ya kusafishia sakafu. Chini kabisa waliandika isiguse ngozi.

"Lakini mayu," akasema, "mimi nilijua unatengeneza sabuni."

"Na mimi nilijua unajua natengeneza mafuta ya watoto."

Tulisimama pale kama watu waliofumaniwa. Najua majina ya wajukuu zake wote, naye anajua mgongo wangu unauma upande gani, na kati yetu hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake kitu hicho kimoja.

Nilirudi nyumbani na aibu ambayo sijapata kuiona. Nilizifikiria shingo zote ndogo za Katoro. Nilizunguka gulioni kuvikusanya vikopo nilivyouza, na wateja wakanigomea. Mmoja alikificha chake kwenye blauzi akisema hapati tena mafuta yanayonukia vile. Nilimwambia ni harufu ya sakafu. Akasema ndiyo maana inadumu.

Ikabaki lebo. Nimesema uongo mara nyingi, hasa sokoni, na sijawahi kupata taabu. Ningeacha mstari mmoja tu na hakuna ambaye angejua. Lakini chumbani mtoto alikuwa analia, na nyuma ya ukuta angekuja kukaa mtu ambaye angeamini kila neno nitakaloandika. Nikaandika: Mafuta ya mgando. Mafuta ya nazi. Nta ya nyuki. Rangi ya keki. Harufu ya sabuni ya sakafu, sikujua.

Nikaibandika kwenye kikopo, nikakiweka juu ya kiti chake, nikakimbilia jikoni. Mtoto alikuwa hajapakwa mafuta kwa siku kadhaa, na vipele vya shingoni na kwapani vilikuwa vimeanza kukauka. Vya kifuani bado.

Pikipiki ikafika. Kiti kikalia. Nikasikia anaisoma lebo kwa sauti ya chini.

"Mwambie mama..." akaanza, akaishia hapo. Nikasikia anamwomba mke wake kalamu. Baada ya muda binti yangu akaniletea karatasi ya daftari iliyokunjwa, yenye madoa ya matope, maana alikuwa ameiandika huko huko kazini kama alivyoahidi:

Shati: matope, vumbi la karasha ya kusagia mawe, dizeli, zebaki.
Mikono: zebaki, kila siku.

Chini yake, kwa wino wa kalamu ya binti yangu, aliongeza: Sikujua kama inanifuata mpaka kwa mtoto.

Niliusoma mstari wa mikono mara tatu. Zebaki hiyo nilikuwa nimeitaja mimi mwenyewe kwa matusi, na hata siku moja sikuwa nimefikiri inashikwa na mikono ya nani. Ile ilikuwa mikono ya mume wa mwanangu. Nikalia, na moshi wa jikoni siku hiyo haukuwapo wa kusingiziwa.

Nikanyanyuka, nikaenda mpaka penye pembe ya nyumba. Sikuvuka. Niliuambia ukuta, lakini nikimwita yeye mwenyewe.

"Mkwe wangu, nimekuwekea maji bafuni. Oga kwanza, uzisugue hizo kucha, ndiyo umshike mtoto. Na nguo za kazi uziache huko huko Rwamgasa."

Binti yangu alinitazama, akamtazama mume wake, akakohoa.

"Mama anasema ukaoge."

"Nimesikia," akasema mkwe, na nikasikia hatua zake zikielekea bafuni. Safari hii sikuona adabu yoyote iliyopotea.