Haupo, Kaa Chini

Majina ya watoto wote wa darasa lile ningali nayo kichwani, ya kwanza mpaka ya mwisho, lakini sitayataja. Wengine ni wakubwa sasa, wataona haya.

Mjukuu wangu hasikii tangu homa ilipomshika akiwa mutoto mudogo. Shuleni, hapa kijijini kwetu Wamaza, alifika kabla ya kengele, akakaa benchi ya mbele. Mwalimu aliita majina, macho kwenye kitabu, na kila mutoto akajibu, "Prezan!" yaani yupo. Wangu alinyamaza. Mwalimu akaandika: hayupo.

Siku moja mutoto akaniletea barua. Jirani akanisomea: mjukuu wako ametoroka shule, Ijumaa direkta, mkuu wa shule, atalifuta jina lake kitabuni. Barua yenyewe mwalimu alimkabidhi huyo mtoro, mkononi, darasani.

Kesho yake nikaenda.

"Mwalimu, mutoto si huyu hapa, karibu na goti lako?"

"Namwona, Bibi. Lakini hajajibu."

"Basi nitajibu mimi. Prezan!"

"Anayejibu anakaa."

Nikakaa. Akaandika jina langu chini ya majina ya watoto. Sasa mimi nilikuwepo, mjukuu bado hayupo.

Siku ya pili akanigombeza kwa kukosa daftari. Siku ya tatu akanituma ubaoni kufanya hesabu, mimi nisiyejua hata saba inaangalia wapi. Watoto wakacheka: "Bibi ataturudisha darasa la kwanza!" Mjukuu akainuka, akaimaliza hesabu yote.

"Wewe haupo, kaa chini!" Alama kumi akanipa mimi.

Ijumaa direkta akaja na kalamu nyekundu. Mwalimu naye mafua yalikuwa yamemkausha sauti. Akaninong'oneza, "Bibi, unayajua majina. Ita."

Kwetu, kumwita mutu aliye mbele yako huku unaangalia pengine ni kumtukana. Basi kila jina nililoita, nilimtazama mwenyewe na kumnyooshea mkono. Nilipofika kwa mjukuu wangu, akaruka juu, mikono yote miwili hewani.

"Huyu yupo," direkta akasema.

Mwalimu akanong'ona, "Hajasema."

"Na wewe, mwalimu, leo umesema?"

Direkta akarudisha kalamu mfukoni. Mwalimu akaandika: yupo. Kisha akainua macho, akamtazama mutoto, na mutoto akamtazama, mikono bado juu, maana hakuna aliyemwonyesha aishushe.